Mashine ya kusafisha hewa si kinga dhidi ya moshi wa jiko

Jioni inapoingia katika wadi ya Birongo, eneobunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, moshi huanza kupenya chini ya mabati ya majiko mengi. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima katika nyanda hizi za juu za Gusii, kuni ni nadra kukauka vyema, na baridi ya usiku huwafanya wengi wafunge milango na madirisha mapema. Humo ndani, mama anayesonga ugali na watoto wanaoota moto hupumua hewa ambayo mara nyingi huwa chafu kuliko ile ya kando ya barabara kuu yenye msongamano wa magari.

Katika miaka ya karibuni limezuka jibu jipya kwa tatizo la hewa chafu nyumbani: mashine ndogo ya umeme ambayo huvuta hewa ya chumba, huichuja na kuirudisha. Mashine hizi hutangazwa katika maduka ya intaneti, na nyingine huletwa na jamaa wanaorejea kutoka ng'ambo. Maelezo kwenye masanduku yake huahidi kuondoa takriban uchafu wote hewani.

Je, chombo kinachouzwa kwa ajili ya afya chaweza kuidhuru afya? Jibu ni ndiyo, kwa njia mbili. Baadhi ya mashine hizi huongeza sumu katika hewa zinayodai kuisafisha. Nyingine, hata zikiwa bora kabisa, zina mpaka ambao mtumiaji asipoufahamu waweza kumgharimu maisha.

Zilivyoanza kuenea

Teknolojia yenyewe si ngeni. Kichujio kinachotumiwa katika mashine bora, kijulikanacho kama HEPA, kilibuniwa nchini Marekani katika miaka ya 1940 wakati wa mradi wa kutengeneza bomu la atomiki, ili kunasa vumbi lenye miale hatari. Baadaye kiliingia viwandani, hospitalini na hatimaye majumbani. Janga la Covid-19, ambalo kisa chake cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020, liliongeza hamu ya watu kote duniani kumiliki mashine hizo.

Abagusii wana uhusiano na suala hili kwa njia nyingine. Jimbo la Minnesota nchini Marekani lina jamii kubwa ya Wakenya wenye asili ya Gusii. Mwaka wa 2023, moshi wa mioto ya misitu ya Canada ulifunika jimbo hilo mara kadhaa, na wakazi wakashauriwa kukaa ndani, kufunga madirisha na kutumia vichujio vya hewa.

Ushauri huo ulifaa kule kwa sababu moshi ulitoka nje. Birongo mambo ni kinyume, kwani moshi huzaliwa ndani ya nyumba. Anayefunga dirisha hapa ili mashine ifanye kazi vizuri huwa ameifungia sumu chumbani pamoja na watoto wake.

Aina za mashine

Mashine za kusafisha hewa hazifanani, na tofauti kati yake ndiyo huamua usalama wa mtumiaji.

Aina ya kwanza hutumia feni na kichujio. Kichujio halisi cha HEPA hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa maikroni 0.3. Ili kufahamu udogo huo, unywele wa binadamu una upana wa takriban maikroni 70. Aina hii ndiyo inayopendekezwa na wataalamu wengi kwa ajili ya vumbi, chavua na moshi uliopenya kutoka nje, mradi ukubwa wa mashine ulingane na ukubwa wa chumba.

Aina ya pili huongeza tabaka la mkaa ulioandaliwa kwa njia maalumu ili kufyonza harufu na baadhi ya gesi. Mkaa huo hujaa baada ya muda, na ukishajaa hauna kazi tena.

Aina ya tatu hurusha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ambazo hushikamana na vumbi na kulifanya litue sakafuni na ukutani. Aina ya nne huzalisha gesi ya ozoni kwa makusudi. Aina ya tano hutumia taa ya urujuanimno kuua viini.

Mashine nyingi huchanganya njia hizi, na mnunuzi huenda asijue kwamba ndani ya kichujio alicholipia mmefichwa pia kifaa cha kurusha ayoni.

Hatari ya ozoni

Ozoni iliyo juu sana angani huikinga dunia dhidi ya miale mikali ya jua. Ozoni hiyo hiyo ikivutwa mapafuni huwasha koo, huleta kikohozi na maumivu ya kifua, hupunguza uwezo wa kupumua na huzidisha pumu. Watoto, wazee na wenye maradhi ya mapafu huathirika zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kwamba wastani wa ozoni kwa saa nane usizidi mikrogramu 100 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa. Kiasi hicho kinakaribiana na kile cha sehemu 50 kwa kila sehemu bilioni moja za hewa, ambacho sheria ya jimbo la California imekiweka kuwa kikomo kwa mashine za kusafisha hewa zinazouzwa huko tangu Oktoba 2010.

Shirika la Marekani la kulinda mazingira, EPA, limeeleza kwamba ozoni ikiwa katika kiwango kisichodhuru afya, haina uwezo wa maana wa kuondoa uchafu wa hewa ya ndani. Kwa maneno mengine, ili ozoni isafishe chumba, sharti kwanza iwe nyingi kiasi cha kumdhuru aliyemo.

Isitoshe, ozoni hukutana na kemikali zinazotoka katika manukato ya kupuliza na sabuni za kusafishia zenye harufu ya limau, na kwa pamoja huzaa formaldehaidi na chembe nyingine ndogo mno. Hivyo, nyumba inayonukia vizuri baada ya kusafishwa yaweza kuzidi kuwa na hewa mbaya mashine inapowashwa.

Mashine za ayoni nazo hutoa kiasi fulani cha ozoni hata kama hilo si lengo lake. Nchini Marekani, jarida la Consumer Reports liliandika mwaka wa 2003 kwamba mashine maarufu ya aina hiyo, Ionic Breeze, haikuwa ikisafisha hewa ipasavyo. Kampuni ya Sharper Image iliyoiuza ilikwenda mahakamani, lakini kesi yake ikatupwa mwaka wa 2004. Mwaka uliofuata jarida hilo liliarifu kwamba baadhi ya mashine za namna hiyo zilitoa ozoni kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Funzo la Korea Kusini

Kisa kinachoonyesha vyema jinsi nia njema inavyoweza kugeuka msiba kilitokea Korea Kusini. Huko, familia nyingi hutumia mashine za kutia unyevu hewani wakati wa baridi kali. Kuanzia mwaka wa 1994 kuliuzwa dawa za kumimina katika maji ya mashine hizo ili kuua viini na kuvu.

Mwaka wa 2011 madaktari jijini Seoul waliwapokea wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni ambao mapafu yao yaliharibika kwa njia isiyoeleweka. Mwezi Agosti mwaka huo mamlaka za afya zilitangaza kwamba dawa hizo ndizo zilizoshukiwa, na baadaye zikaondolewa madukani. Kemikali ambazo hazikuleta shida kubwa zilipogusa ngozi ziligeuka sumu zilipofanywa mvuke na kuvutwa ndani. Mamia ya watu walifariki na maelfu wakaachwa na madhara, miongoni mwao watoto wachanga. Tawi la kampuni ya Reckitt Benckiser nchini humo, lililouza dawa iliyotumiwa na wengi zaidi, liliomba radhi mwaka wa 2016, na mkuu wake wa zamani akahukumiwa kifungo mwaka wa 2017.

Mtumiaji yeyote wa mashine ya unyevu au ya kusafisha hewa apaswa kukumbuka kisa hicho kabla ya kutia ndani yake jiki, dawa ya kuua viini au mafuta yenye harufu. Pafu si ngozi wala si sakafu.

Kichujio kisichotunzwa

Kichujio hunasa uchafu lakini hakiuangamizi. Uchafu hubaki humo hadi kitakapobadilishwa, na watengenezaji wengi hushauri kibadilishwe baada ya miezi sita hadi 12. Muda huo umekadiriwa kwa nyumba za mijini zenye vumbi la kawaida. Katika nyumba inayopikiwa kwa kuni, masizi hukijaza mapema zaidi na hewa hushindwa kupita.

Katika maeneo yenye unyevu mwingi kama Gusii, kichujio kilicholowa chaweza pia kuota kuvu. Mashine inayotoa harufu ya uvundo inafaa kuzimwa papo hapo. Anayebadilisha kichujio afanyie kazi hiyo nje ya nyumba, avae barakoa na kukitia katika mfuko uliofungwa. Kichujio cha karatasi hakifui wala hakipigwi vumbi ili kitumike tena.

Kuna pia hatari ya umeme. Vifaa vingi vinavyouzwa Marekani hutengenezewa umeme wa volti 120, ilhali umeme wa Kenya ni wa volti 240. Mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Minnesota ikichomekwa ukutani bila kifaa cha kupunguza volti yaweza kuungua na hata kuteketeza nyumba. Ni muhimu kusoma kibandiko kilicho nyuma ya mashine kabla ya kuiwasha.

Gesi isiyochujika

Hatari kubwa zaidi kwa familia ya Birongo, hata hivyo, haitoki ndani ya mashine bali katika imani ya mwenye nyumba.

Kuni na makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Ikiingia katika damu hushikamana na hemoglobini kwa nguvu zinazozidi za oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo mwili ukakosa oksijeni huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Mtoto aliye tumboni huwa katika hatari kubwa zaidi.

Kichujio cha HEPA hunasa chembe, na kaboni monoksaidi si chembe. Hupita kwenye kichujio kama inavyopita hewa yenyewe. Mkaa maalumu wa kufyonza harufu nao hauwezi kuinasa.

Hapo ndipo mashine nzuri inapoweza kuwa mtego. Moshi unapomwasha mtu macho na kumkereketa koo, humlazimu afungue mlango. Mashine ikiuondoa moshi unaoonekana na harufu yake, onyo hilo la maumbile hutoweka, ilhali gesi inayoua imebaki. Makaa yaliyokolea, ambayo hayatoi moshi na ndiyo huingizwa chumbani ili kupasha joto, huendelea kutoa kaboni monoksaidi kwa wingi.

Karibu kila msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, vyombo vya habari nchini huripoti vifo vya watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Hakuna mashine ya kusafisha hewa ya nyumbani ambayo ingewaokoa.

Dalili za awali ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakipatwa na dalili hizo kwa wakati mmoja, na wakapata nafuu wanapotoka nje, shaka ya kwanza inapaswa kuwa gesi hii. Aliyeathirika atolewe nje mara moja, na apelekwe hospitalini ili apewe oksijeni. Maziwa, ambayo wengi huyaamini kuwa dawa ya kila sumu, hayaiondoi gesi hii katika damu.

Harufu nzuri si hewa safi

Kosa hilo la kuamini pua hujitokeza pia katika matumizi ya ubani, manukato ya kupuliza na dawa ya mbu ya kuwasha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 katika jarida la Environmental Health Perspectives ulionyesha kwamba dawa moja ya mbu ya mzunguko ikiteketea yote yaweza kutoa chembe ndogo sawa na zile za sigara 75 hadi 137. Katika nyanda za juu za Kisii, ambako malaria huzuka kwa misimu, chandarua kilichotiwa dawa hukinga bila kumvutisha mtoto moshi.

Ukubwa wa tatizo

WHO inakadiria kwamba hewa chafu ya nyumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Nchini Kenya, utafiti wa Wizara ya Kawi wa mwaka wa 2019 ulitaja vifo 21,560 kwa mwaka.

Sensa ya mwaka huo ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini zilipikia kuni, asilimia 23.9 gesi, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta taa. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, wengi wao wakiishi katika vipande vidogo vya ardhi, ambako si rahisi kila familia kutenga nyumba ya jiko iliyo mbali na vyumba vya kulala.

Kinachosaidia

Utafiti uliofanywa Laikipia na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2001, ukihusisha familia 55, uligundua kwamba maradhi ya kupumua huongezeka kadiri mtu anavyovuta moshi. Uligundua pia kwamba ongezeko hilo ni kali zaidi katika viwango vya chini, na hupungua kasi moshi unapokuwa mwingi mno. Maana yake ni kwamba kupunguza kidogo moshi ulio mzito hakuleti nafuu kubwa. Ni lazima upunguzwe sana, jambo ambalo mashine ndogo haiwezi kulifanya kando ya moto wa kuni unaoendelea kuwaka.

Njia zenye manufaa ni za kawaida. Katika Kaunti ya Kajiado, mabomba ya kukusanya moshi juu ya meko na kuutoa nje, yaliyowekwa katika mradi wa shirika la ITDG, yalipunguza chembe na kaboni monoksaidi kwa takriban robo tatu. Nchini Guatemala, majiko yenye dohani yalipunguza nimonia kali miongoni mwa watoto kwa takriban theluthi moja, kulingana na utafiti wa mwaka wa 2011, ingawa hayakuonyesha upungufu wa wazi wa nimonia kwa jumla. Nchini Malawi, utafiti wa mwaka wa 2016 haukuona upungufu wa nimonia kutokana na majiko bora pekee, kwani watoto waliendelea kuvuta moshi wa takataka, tumbaku na vyanzo vingine.

Jiko la udongo aina ya Upesi, lililoenezwa magharibi mwa Kenya na vikundi vya kina mama, hupunguza kuni zinazotumika. Kuni zilizokatwa na kuanikwa mapema chini ya paa hutoa moshi mchache kuliko mbichi. Mwanya kati ya ukuta na paa usizibwe, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni mama anapopika ikiwa kuna wa kumshika.

Gesi ya kupikia ndiyo inayopunguza moshi zaidi, lakini bei yake imekuwa kikwazo. Ushuru wa thamani wa asilimia 16 uliorejeshwa Julai 2021 ulipunguzwa hadi asilimia nane mwaka wa 2022 na kuondolewa mwaka wa 2023. Hata penye gesi, dirisha lifunguliwe.

Kabla ya kununua

Kwa anayehitaji mashine, kwa mfano mgonjwa wa pumu anayeishi mjini kando ya barabara yenye vumbi, wataalamu hupendekeza yenye kichujio halisi cha HEPA, isiyozalisha ozoni, na ambayo sehemu yake ya ayoni, ikiwapo, yaweza kuzimwa. Mnunuzi aulize bei ya kichujio cha akiba na mahali kinakopatikana kabla ya kulipia mashine, na ahakikishe ina alama ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Mashine isitumiwe kamwe katika chumba chenye jiko la makaa.

Wahenga walinena kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Familia ya Birongo yenye fedha za kununua chombo kimoja tu kwa ajili ya hewa ya nyumbani itafaidika zaidi ikianza na huo moto: jiko bora, bomba la kutoa moshi nje, au mtungi wa gesi. Gharama ya dirisha lililoachwa wazi ni blanketi moja zaidi usiku.